Tunamdai nani dalili?

  

Ndugu wasomaji, mwandishi wa safu hii ni mmoja wa watu wapatao 140 walio katika kundi la WhatsApp la ukoo wake. Wengi wetu tuko hapa Nyamagana, kuanzia Mirongo na Pamba mpaka Buhongwa. Wengine wako Tabora na Kigoma, wengine Dar es Salaam, na wachache wako Maskati. Kundi lilianzishwa kwa ajili ya misiba na harusi, lakini kama wajuavyo wenye makundi ya namna hii, misiba na harusi haijazi siku zote za mwaka, na nafasi inayobaki hujazwa na mabishano.

Katika wiki moja ya Mfungo Sita mwaka jana, mambo mawili yaliletwa kundini. La kwanza lilikuwa tangazo la mjomba wetu mkubwa, kwamba Maulidi yatasomwa nyumbani kwake Mkuyuni baada ya swala ya Isha, na mwenye uwezo achangie mchele na mbuzi. Haikupita robo saa, mpwa wake, kijana mwenye elimu nzuri ya dini, akaandika maneno haya: "Shikamoo mjomba. Naomba dalili." Kufikia alfajiri kundi lilikuwa na jumbe zaidi ya mia mbili. Zilitajwa aya, zikatajwa hadithi na daraja zake, akatajwa Imamu Suyuti aliyeandika kuunga mkono Maulidi na al-Fakihani aliyeandika kuyapinga. Watu wawili walijitoa kundini, na mmoja akarudishwa kwa kubembelezwa.

La pili lilikuja siku mbili baadaye. Ulikuwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, wenye ile alama ya mishale miwili inayoonyesha kuwa umepitishwa mikononi mwa watu wengi. Msemaji, ambaye sauti yake hatukuijua, alieleza kuwa mtoto amefariki katika kijiji kimoja upande wa Misungwi, kwamba mganga ametazama, na kwamba aliyehusika ni bibi fulani. Akaitaja nyumba yake. Bibi huyo ni mjane wa ndugu yetu. Majibu yalikuwa machache. Mmoja aliandika "Inna lillahi", mwingine "Allah atulinde", na wa tatu akaongeza kuwa yeye siku zote alikuwa akiyashangaa macho ya yule bibi.

Hakuna aliyeandika "Naomba dalili". Si yule kijana, si mjomba, wala si mimi niandikaye haya. Nilikuwa njiani kwenda kusomesha darsa la jioni. Nikasikiliza, nikasema moyoni kuwa hayo ni mambo ya vijijini, nikaitia simu mfukoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo nataka tuliangalie pamoja. Mtu anapomwambia mwenzake "lete dalili", anamwambia nini hasa? Maana kama neno hilo lingekuwa ni kutafuta ukweli tu, basi wiki ile tungeliomba pale ambapo damu ya mtu ilikuwa hatarini kabla ya kuliomba penye pilau.

Lazima niseme mapema kwamba mimi si katika wanaochukia kuulizwa dalili. Dini yetu imesimama juu ya dalili. Katika Suratul Baqara, aya ya 111, Mwenyezi Mungu anamwamuru Mtume wake awatake wanaodai kuwa Pepo ni yao peke yao walete hoja yao ikiwa wanasema kweli. Wanazuoni wa hadithi walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha riwaya moja. Asiyependa kuulizwa "umeyatoa wapi haya?" hafai kupanda mimbari.

Hata hivyo, wanazuoni hao hao wametuachia habari ambayo huwa hatuizingatii vya kutosha. Muhammad bin Sirin, tabii mashuhuri wa Basra, ameeleza, na Imamu Muslim akaiweka riwaya hiyo katika utangulizi wa Sahihi yake, kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizana juu ya isnadi. Ilipotokea fitina, ndipo wakaanza kuambiana watajiane wapokezi wao. Yaani kudaiana dalili, kwa namna ile ya kumtaka kila mtu ataje alikoyasikia, kulianza pale kuaminiana kulipopasuka. Mtu uliyekuwa ukimjua kwa jina na kwa nyumba, ukimwona msikitini mara tano kwa siku, hukuwa na haja ya kumhoji. Haja ilikuja watu walipokuwa wengi, wakagawanyika, na wengine wakawa na makusudi yao.

Kwa sababu hiyo, kila anayeomba dalili hubeba ndani ya ombi lake maneno mengine ambayo hakuyatamka: "Neno lako peke yake halinitoshi." Hilo si tusi daima. Anayeliambia jina la bandia mtandaoni, jina ambalo hajui kama nyuma yake yuko mzee au mtoto, hamkosei mtu heshima. Lakini likisemwa ndani ya ukoo, na mpwa kumwambia mjomba, linasikika vingine, na kujifanya hatulisikii hivyo ni kujidanganya.

Na tusidhani kwamba uzito huu tumeuzua sisi Waswahili kwa adabu zetu za shikamoo. Masahaba nao waliusikia. Iko katika Bukhari na Muslim habari ya Abu Musa al-Ash'ari (RA), aliyekwenda kwa Umar (RA), akabisha hodi mara tatu, asiitikiwe, akarudi zake. Umar alipomuuliza kwa nini hakungoja, akajibu kuwa Mtume (SAW) amewafundisha kuomba ruhusa mara tatu, na usiporuhusiwa urudi. Umar akamtaka alete shahidi wa hilo, la sivyo atamwadhibu. Abu Musa akaenda kwenye baraza la Answari hali amefadhaika. Ubayy bin Ka'ab akasema kuwa hatasimama naye kutoa ushahidi ila aliye mdogo kuliko wote pale. Akasimama Abu Said al-Khudri, kijana wao.

Tuitazame vizuri hatua hiyo ya Answari. Wangeweza kumtuma mtu mzima. Walimtuma mdogo wao ili Umar aone kuwa jambo aliloliombea shahidi linajulikana hata na vijana. Hilo nalo lilikuwa jibu. Kisha, kwa mujibu wa riwaya ya Muslim, Ubayy akamkabili Umar waziwazi, akimtaka asiwe adhabu juu ya masahaba wa Mtume. Naye Umar, pamoja na haiba yake, akajieleza: alisikia jambo akapenda kulihakikisha. Katika Muwatta ya Imamu Malik imekuja kwamba alimwambia Abu Musa kuwa hakumtuhumu, bali alichelea watu wasije wakamzulia Mtume (SAW). Na katika Bukhari imo kauli yake ya kukiri kwamba jambo hilo lilimpita kwa sababu ya kushughulika na biashara masokoni.

Mimi huona mambo hayo mawili ndiyo yaliyokosekana kundini kwetu usiku ule. Umar aliomba dalili, lakini alilisema lile lililofichika ndani ya ombi lake na kuliondoa: sikutuhumu. Tena alikubali kuwa upungufu ulikuwa kwake. Kijana wetu hakusema hivyo, wala mjomba hakumsaidia, maana jibu lake la kwanza lilikuwa: "Mimi ndiye niliyekufundisha alifu." Naye kwa kusema hivyo alikuwa analeta dalili, ila si ya Maulidi. Alikuwa anathibitisha kuwa yeye ni mjomba. Ugomvi wa jumbe mia mbili ulikuwa juu ya nani sasa ndiye anayeshika hatamu za dini katika ukoo, aliyesoma kwa masheikh wa zamani au aliyesoma ng'ambo. Maulidi yalikuwa uwanja tu.

Jambo jingine ni mahali pa kuombea. Kijana yule anakaa Igogo. Kutoka Igogo mpaka Mkuyuni ni mwendo wa miguu. Lau angetaka kujua mjomba wake anategemea nini, angekwenda akaketi naye barazani, akauliza, na nina hakika angepewa chai pamoja na jibu. Dalili inayoombwa mbele ya watu 140 haiombwi kwa ajili ya sikio la muulizaji. Wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990, mhadhiri amesimama juu ya meza, msomaji pembeni yake na kitabu, na umati ukipiga kelele "Soma!" Ilikuwa na faida zake na ilikuwa na madhara yake, lakini hakuna aliyekuwa akidhani kuwa mhadhiri na mpinzani wake wanaulizana. Walikuwa wanaulizia umati. Simu imeuingiza uwanja ule ndani ya sebule.

Qur'ani imetuonyesha waombaji wawili wa dalili, na maneno yao kwa juu juu yanakaribiana. Nabii Ibrahim (AS), katika aya ya 260 ya Suratul Baqara, alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alisema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa, alionyeshwa. Na katika Suratul Israa, kuanzia aya ya 90, tunawakuta Makureshi wakimtaka Mtume (SAW) awatolee chemchemi ardhini, au awe na bustani ya mitende na mizabibu, au awaangushie mbingu vipande vipande, au awe na nyumba ya dhahabu, au apande mbinguni. Na hata akipanda, wakasema, hawataamini mpaka awateremshie kitabu wakisome. Wamebomoa ngazi kabla hajaipanda. Ukiwapa moja, la pili liko tayari.

Kila mwenye kushiriki mabishano ya simu amekutana na Makureshi hawa. Huombwa hadithi, akiileta, huambiwa ni dhaifu. Akileta sahihi, huambiwa haimaanishi hivyo. Akimleta mwanachuoni aliyeifahamu hivyo, huulizwa huyo mwanachuoni alikuwa na itikadi gani. Wakati mwingine ombi huwa mtego, kwani muulizaji anajua kuwa mwenziwe akitoa anachokijua atajiponza, ama kazini kwake, ama mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Naye akinyamaza, husemwa: "Mnaona? Hana."

Haya yote, ndugu msomaji, ni madogo. Yanavunja udugu, nao ni jambo zito, lakini mjomba na mpwa wamekwisha kupatana, na mbuzi aliliwa. Nililokusudia ni lile la pili.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa na mgeni maana ya bibi kizee kutajwa kwa macho yake. Macho mekundu ya wazee wetu wanawake yanatokana na miaka hamsini ya kupikia moshi wa kuni, wa mabua ya pamba na wa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Kila mtu anajua hivyo mchana. Lakini Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitoa hesabu ya watu wapatao 3,000 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 2005 na 2011, na Usukumani ni miongoni mwa sehemu zilizotoa wengi wao, wengi wakiwa vikongwe wa kike. Katika miaka hiyo hiyo waliandamwa ndugu zetu wenye ualbino, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akatokwa na machozi bungeni. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wanaopiga ramli, zile zilizopewa jina la ramli chonganishi.

Nawauliza wavuvi na wachimbaji wa madini, nao ndio waliolengwa na waganga hao: kuna hata mmoja aliyemwambia mganga, "Nionyeshe mtu mmoja aliyetajirika kwa kiungo cha binadamu, nimtembelee kwake"? Huyo huyo akiuziwa nyavu huzikagua tundu kwa tundu.

Na kanuni ya sheria yetu imewekwa hasa kwa ajili ya mahali hapa. Katika hadithi ya Ibn Abbas (RA), ambayo Imamu Nawawi ameiweka katika Arubaini yake, Mtume (SAW) amebainisha kuwa lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangedai mali na damu za wenzao. Ndipo ushahidi ukawa juu ya mdai, na kiapo juu ya mwenye kukana. Mali na damu! Dalili ni ngao ya mtuhumiwa. Sisi tumeigeuza kuwa rungu la kumpigia mwenye kusoma Maulidi, na tukamwacha mjane bila ngao.

Tena wale mahodari wetu wa kupima isnadi hawakuutazama ujumbe ule kwa elimu yao. Mishale miwili ile inasema nini, kama si kwamba mpokezi wa kwanza hajulikani? Katika istilahi za hadithi, msemaji huyo ni majhuli, na riwaya ya majhuli haitoshi kuwa hoja, seuze katika damu ya mtu. Suratun Nur, iliposhuka kumsafisha Bibi Aisha (RA), haikuwalaumu wazushi peke yao. Aya ya 15 inawalaumu wale walioipokea habari kwa ndimi zao. Kwa kawaida habari hupokewa kwa masikio, lakini wao waliipokea kwa ndimi, kwa maana ilipita moja kwa moja mpaka kwa mwingine bila kutua akilini. Siku hizi hupita kwa kidole gumba.

Kwa nini basi hatukuuliza? Nimelifikiria sana, na sioni jibu jingine ila hili: hatumdai dalili mtu anayesema tunalokwisha kulikubali, wala hatumdai dalili mwenye kumsema mtu asiye na wa kumtetea. Mjomba ana wana, ana nyumba, ana sauti. Kumdai dalili kunampa mdai jina. Bibi wa Misungwi hana simu. Kumtetea hakumpi mtu sifa kundini, pengine kunamletea shaka.

Kipimo hiki kinafanya kazi hata kinyume chake. Mwanamke akija kwa wazee wa familia akisema kuwa mumewe anampiga, au hampi matumizi, swali la kwanza analokutana nalo mara nyingi ni: "Una shahidi?" Shahidi wa jambo la ndani ya chumba, usiku, mlango umefungwa! Anayeuliza hivyo anajua kuwa hakuna. Anachomwambia ni rudi nyumbani. Ninapokaa katika vikao hivyo huwakumbusha wenzangu habari ya Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyekwenda kwa Mtume (SAW) kulalamika kuwa mumewe ni bahili, hampi ya kumtosha yeye na wanawe. Mtume alimruhusu achukue kwa wema kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake, bila kumtaka shahidi. Wanazuoni wamehitilafiana kama hiyo ilikuwa hukumu au fatwa, na nawaheshimu wote, lakini hakuna aliyesema kuwa Hind alirudishwa nyumbani mikono mitupu.

Nirudi kwenye lile lililonipata. Siku ya tatu baada ya ujumbe ule, binti wa yule bibi alinipigia simu, hakuandika kundini. Vijana wawili wasiojulikana walikuwa wamepita pale kijijini wakiulizia bibi analala chumba gani. Usiku huo huo walimtoa, wakampitisha kwa jirani, na kulipokucha wakampandisha gari mpaka Igoma, ambako anakaa mpaka leo na kipande kimoja cha mzigo wake.

Nilimpigia yule kijana wa Igogo, mwenye elimu ya isnadi, nikamwomba aifanyie kazi. Namsifu kwa hilo. Aliandika kundini: "Sauti hii ni ya nani, na nani aliyeona?" Kisha akaanza kufuatilia mtu kwa mtu. Aliyeituma kwetu alisema katumiwa na shemeji. Shemeji katumiwa na mwenzake wa kazini. Huyo kaitoa katika kundi la wauza mitumba, na aliyeiweka huko ni namba ambayo haipatikani. Mlolongo uliishia hapo. Kuhusu mtoto, wazazi wake walisema aliugua homa siku nne na alichelewa kufikishwa zahanati. Hawakuwa wamekwenda kwa mganga yeyote. Aliyeandika juu ya macho ya bibi alifuta maneno yake. Mjomba aliyaona kabla hayajafutwa, akampigia simu, na sijui waliyozungumza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilikwenda Igoma kumwona bibi. Binti yake alikuwa amemweleza habari ya kundi na ya ujumbe wa sauti, kwa kadiri mtu asiyetumia simu anavyoweza kuelezwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za madrasa. Kisha akauliza: "Mwanangu, nao hao wote mlio humo, walipoambiwa habari yangu, waliuliza nini?"

Nikamjibu kwamba hawakuuliza kitu.